Ahadi Isiyo Deni

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba kiambishi cha wakati si pambo la kitenzi. Tunasema "tunajenga" kwa kazi inayoendelea, "tumejenga" kwa kazi iliyokwisha, na "tutajenga" kwa kazi ambayo bado iko katika nia. Fundi akikuambia "tumejenga", ukaenda kiwanjani ukakuta majani matupu, huhitaji kamusi kujua umefanywa nini.

Kwa siku mbili nilihudhuria mkutano wa teknolojia hapa Kampala, nikiwasikiliza waanzilishi wa kampuni changa pamoja na wawekezaji wao. Mazungumzo yalikuwa kwa Kiingereza, lakini kwa mazoea ya somo letu nilijikuta nikiyatafsiri kichwani, na kila nilipofika kwenye kitenzi nilisita. Kijana mmoja, nadhifu, mwenye sauti iliyofanyiwa mazoezi, alisema kampuni yake inawaunganisha wakulima milioni moja na soko la uhakika. Katika kipindi cha maswali ilifahamika kwamba wakulima waliosajiliwa walikuwa mia tatu na ushei. Milioni moja ilikuwa idadi ya wakulima anaotarajia kuwafikia. Idadi yenyewe haikunisumbua sana, maana kila mfanyabiashara hupenda kujikuza. Nilichoshindwa kukielewa ni utulivu wa ukumbi. Hakuna aliyeguna. Mwekezaji mmoja wa safu ya mbele alitikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza swali la pili.

Je, kijana yule alisema uongo? Na kama alisema uongo, alimdanganya nani, ikiwa kila aliyekuwa mbele yake alijua namna ya kupunguza?

Wenzangu wanaosomea biashara wananijibu kwamba hakuna uongo hapo, ni desturi ya soko tu. Hoja hii ina uzito wake. Ukienda Owino kununua suruali, muuzaji atakuapia kwamba elfu hamsini ndiyo bei ya mwisho. Wewe utacheka, utageuka kuondoka, atakuita, na suruali utaichukua kwa elfu ishirini na tano. Hakuna atakayemwita mwongo. Maneno "bei ya mwisho" yanaposemwa pale ni mwaliko wa kupatana, na wote wawili mnalijua hilo. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, alionyesha kwamba mara nyingi tunaposema hatuelezi hali ya mambo, tunatenda jambo: tunaahidi, tunaonya, tunaweka dau. Kwa mtazamo huo, mwanzilishi aliye jukwaani hatoi taarifa. Ananadi, na mnada una sarufi yake.

Sasa mfikirie mgeni aliyefika mjini jana, asiyeijua desturi ya Owino. Anaambiwa elfu hamsini ndiyo bei ya mwisho, anaamini, anatoa elfu hamsini zake. Maneno ni yaleyale na muuzaji ni yuleyule, ila safari hii kuna mtu aliyeumia. Desturi humlinda aliyeijua tu. Hapo ndipo hoja ya wenzangu inapoanza kuvuja: wanaitetea kauli ya mwanzilishi kana kwamba ina msikilizaji mmoja.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Tuitazame methali hii kwa jicho la mwekezaji. Benki ikikukopesha una deni. Biashara ife isife, benki itadai. Mwekezaji wa kampuni changa kwa kawaida hakopeshi, ananunua hisa. Kampuni ikifa, hisa zake zinakufa nayo, na hana wa kumdai. Analijua hilo tangu mwanzo na ameshapiga hesabu. Tuseme mfuko wake umeingia katika kampuni ishirini: anategemea nyingi zife, chache zirudishe kilichotolewa, na moja ikue kiasi cha kufidia hasara ya zote. Kwa hiyo mwanzilishi anapomwambia kwamba atawafikia wakulima milioni moja, wote wawili wamekwisha kukubaliana, tena kwa mkataba ulioandikwa na mawakili, kwamba ahadi hii si deni.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitoa mfano wa mtu mwenye shida anayekopa fedha akiahidi kulipa ilhali anajua hataweza. Kwa Kant, mtu huyo hawezi kutaka kila mtu atende kama yeye, kwa sababu ahadi zingepoteza maana na hakuna ambaye angeziamini tena. Nikiwa mkutanoni nilidhani kwanza kwamba nimeuona ulimwengu huo kwa macho: watu wote wanaahidi wasichokuwa na hakika nacho, na hakuna anayeamini neno kwa neno. Ajabu ni kwamba haukuporomoka. Fedha zinapita, mikataba inatiwa saini, watu wanapeana kadi. Nadhani sababu ni kwamba mle ndani neno limepewa bei mpya, na kila aliyemo ana orodha ya bei. Shida inawapata wale wanaolipokea neno hilohilo kwa bei ya zamani.

Mifano kutoka Marekani, ambako desturi hii ya kunadi jukwaani ilikomaa, inasaidia kuliona jambo hili. Tarehe 9 Januari 2007 Steve Jobs alisimama jukwaani San Francisco akaionyesha dunia simu ya iPhone. Wahandisi waliohusika walisimulia baadaye kwamba simu ile ilikuwa bado na hitilafu nyingi. Ilibidi Jobs afuate mpangilio maalumu wa vitendo uliokwisha kujaribiwa, kwa kuwa akiuvuruga ingeganda, na alama za mtandao zilipangwa zionyeshe nguvu kamili wakati wote. Mwishoni mwa Juni mwaka huohuo simu ziliingia madukani, zikafanya kazi. Leo onyesho lile husifiwa kama kilele cha ustadi wa jukwaani.

Mwanzoni mwa 2018 kampuni ya Nikola, iliyokuwa ikiunda malori yasiyotumia dizeli, ilitoa video ya lori lake likienda kasi barabarani. Lori lilikuwa limevutwa hadi juu ya mteremko, likaachiwa. Jambo hilo lilipofichuliwa mwaka 2020, kampuni ilijitetea kwamba haikuwahi kusema lori lile linakwenda kwa nguvu zake lenyewe. Ilisema linakwenda tu. Na kweli lilikuwa linakwenda! Kwa anayefundisha semantiki sijui kama kuna mfano bora zaidi wa sentensi ya kweli iliyofanya kazi yote ya uongo.

Watu wengi, wakiulizwa tofauti ya hawa wawili, hujibu kwamba Jobs alitimiza na mwanzilishi wa Nikola, Trevor Milton, hakutimiza. Jibu hili halinitoshi. Bernard Williams na Thomas Nagel, katika makala zao za mwaka 1976, waliuliza kama bahati inaweza kuamua ubora wa tendo. Wahandisi wa Apple wangeshindwa kurekebisha hitilafu zile kufikia Juni, je, onyesho la Januari lingegeuka kuwa uongo miezi mitano baada ya kufanyika? Ikiwa tofauti ni matokeo peke yake, basi maadili ya jukwaani ni bahati nasibu: sema lolote, kisha omba Mungu.

Naiona tofauti mahali pengine. Aliyeitamani iPhone mwezi Januari alibaki na fedha zake mfukoni hadi Juni, na angeweza kuishika simu dukani kabla ya kulipa. Nikola iliingia katika soko la hisa Juni 2020, ambako mtu yeyote mwenye akiba kidogo angeweza kununua. Waendesha mashtaka walidai mahakamani kwamba Milton aliwalenga hasa wanunuzi wadogo wa aina hiyo, kwa kutumia mitandao ya kijamii na mahojiano. Alitiwa hatiani Oktoba 2022, akahukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2023, na Machi 2025 akapewa msamaha na Rais Trump. Mzaha wa bei ya mwisho ulikuwa umetoka sokoni ukaenda kwa watu wasioujua.

Kesi ya Theranos inanisumbua zaidi. Elizabeth Holmes aliianzisha mwaka 2003 akiwa na miaka 19, na baadaye akajulikana kwa kudai kwamba mashine yake ingeweza kufanya vipimo vingi kwa matone machache ya damu ya kidoleni. Wagonjwa wa kweli walipimwa, wengi wao katika maduka ya dawa ya Walgreens huko Arizona, na mwaka 2016 kampuni ilibatilisha majibu ya vipimo vya mashine yake vya miaka miwili. Januari 2022 baraza la mahakama lilimtia Holmes hatiani kwa makosa manne, yote ya kuwalaghai wawekezaji. Kwa mashtaka yaliyowahusu wagonjwa alionekana hana hatia. Mwenzake, Ramesh Balwani, alitiwa hatiani miezi michache baadaye kwa pande zote mbili, kwa hiyo haitakuwa haki kusema sheria ya Marekani haiwaoni wagonjwa. Hata hivyo hukumu ile ya kwanza inafikirisha. Mwekezaji, mwenye wanasheria, wahasibu na orodha ya bei, alihesabiwa kuwa amedanganywa. Mgonjwa, aliyesoma karatasi ya majibu kama ninavyoisoma mimi na wewe, hakuhesabiwa. Umbali kati ya jukwaa na kidole kilichochomwa sindano ulimpunguzia Holmes hatia mbele ya sheria. Kimaadili ningesema umbali huo unaiongeza, kwa kuwa kadiri msikilizaji anavyokuwa mbali na jukwaa, ndivyo anavyokosa nafasi ya kuuliza swali la pili.

Turudi Afrika Mashariki. Hapa mkasa huja mara nyingi bila mlaghai yeyote, na kwa hiyo ni mgumu zaidi kuuzungumzia. Copia Global ilianzishwa Kenya mwaka 2013 kwa wazo ambalo hata leo nalipenda: watu wa vijijini waagize bidhaa kupitia wakala aliye karibu nao, mara nyingi mwenye duka dogo au saluni. Ilivuka mpaka ikaja Uganda mwaka 2021, ikaondoka 2023, na Mei 2024 ikawekwa chini ya usimamizi wa kufilisika huko Kenya, baada ya wafanyakazi wapatao elfu moja kupewa notisi ya kupunguzwa kazi. Sisemi kwamba mtu alidanganya. Nasema kwamba kifo cha kampuni ile kilikuwa tayari kimeandikwa katika hesabu za wawekezaji kama jambo linalowezekana, hata linalotarajiwa kwa kampuni za aina yake. Wakala wa kijijini, aliyewaambia majirani "agizeni kwangu, mzigo utakuja", hana kampuni nyingine kumi na tisa za kumfidia. Ana duka moja na jina moja. Yeye anapoahidi, ahadi yake bado ni deni, na majirani wanajua anapoishi.

Mkutanoni mkulima, dereva wa bodaboda na mama muuza mboga walitajwa kila baada ya dakika tano. Walikuwa kwenye slaidi, wakitabasamu. Sikumwona hata mmoja kwenye viti.

Mtu asidhani kwamba lawama yote naitupa kwa waanzilishi. Siku ya pili dada mmoja alizungumzia vituo vya kupoza maziwa. Alisema wameweka mashine mbili, moja imeharibika na wanasubiri kipuri, ya tatu itafika fedha zikipatikana. Kila kitenzi kilikuwa na kiambishi chake sahihi. Nilitaka kupiga makofi. Swali pekee aliloulizwa na jopo la wawekezaji lilikuwa: "Utafikaje vituo elfu moja?" Alijibu kwamba bado hajui. Watu walianza kutazama simu zao, na wakati wa chai nilimwona amesimama peke yake na kikombe chake, huku yule kijana wa wakulima milioni moja akiwa amezungukwa.

Wawekezaji wanapenda kusema kwamba hawawekezi katika wazo, wanawekeza katika mtu. Nilisikia kauli hiyo mara tatu kwa siku mbili. Inasikika vizuri, kama heshima kwa utu, lakini nikiitafakari naona kinachopimwa kwa mtu huyo ni ujasiri wake wa kusema "-na-" mahali pa "-ta-". Anayesita anahesabiwa hana maono. Hivyo uongo, tukiuita hivyo, una mnunuzi, na mnunuzi ndiye anayepanga bei. Hatusemi kwamba anayenunua kilichoibwa ni msafi kwa sababu tu mkono wake haukuingia dirishani. Mwekezaji anayelipa zaidi kwa sentensi iliyotiwa chumvi, kisha kampuni inapoanguka anajiita mhanga, ana hesabu ya kutoa, hata kama mahakama haitamwita.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Jambo jipya halina budi kusemwa kabla halijakuwapo. Mtu angesimama Kigali mwaka 2010 akasema damu itafikishwa hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani, angechekwa. Oktoba 2016 kampuni ya Zipline ilianza kufanya hivyohivyo kutoka Muhanga, nchini Rwanda. Tukiwanyima waanzilishi lugha ya matumaini, tutabaki na waliokwisha kutajirika, kwa kuwa hao pekee ndio wenye haki ya kusema "tumejenga". Nakubali. Lakini kiambishi cha matumaini kipo, na ni "-ta-". Lugha haijawahi kumkataza mtu kuota. Inamtaka tu asiipe ndoto kiambishi cha mambo yaliyopo mbele ya mtu atakayeilipia.

Kwa hiyo swali langu la mwanzo nalijibu hivi. Mbele ya mwekezaji, kauli ya kijana yule haikuwa uongo. Ilikuwa kunadi, mbele ya mtu anayeujua mnada. Kauli hiyohiyo ikitamkwa mbele ya mkulima, au ikimfikia kupitia redio, ni uongo, bila neno kuongezwa wala kupunguzwa. Mwanzilishi hawezi kujitetea kwamba alikuwa akizungumza na wengine, kwa sababu anajua, na anataka, maneno yake yasafiri. Magazeti hubeba kauli hizi kesho yake, tena kwa ule wakati wa vichwa vya habari usio na tarehe: "Kampuni yawaunganisha wakulima milioni". Nani atajua kwamba hapo palikuwa na "-ta-" iliyoanguka njiani?

Tuchukue jambo dogo la utendaji. Kila mwekezaji humuuliza mwanzilishi: fedha mlizonazo zitawafikisha miezi mingapi? Namba hiyo ipo, hutajwa bila aibu kwenye vyumba vya mikutano. Wakala anayeombwa kutenga rafu ya duka lake, au kununua simu mpya ili atumie programu ya kampuni, haambiwi. Naamini anastahili kuambiwa. Nilipomweleza hili rafiki yangu mmoja wa kitivo cha biashara alishtuka: mawakala watakimbia, kampuni itakufa! Huenda. Lakini basi tukiri kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikila mtaji wa aina mbili, fedha za mwekezaji na kutojua kwa wakala, na ni mmoja tu aliyepewa hisa.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Kazi za kutafsiri zinazotufikia siku hizi hapa Kampala nyingi ni za kampuni hizi: programu za simu, ujumbe mfupi, vipeperushi. Mwaka jana nilipewa kipeperushi cha kampuni moja iliyokuwa ikijiandaa kutafuta mawakala Busia na Malaba. Sentensi ya Kiingereza ilikuwa katika wakati uliopo: wakala anapata kamisheni yake kila wiki. Wakati huo kampuni haikuwa na wakala hata mmoja katika miji hiyo. Niliandika "utapata kamisheni kila wiki". Ilirudishwa siku hiyohiyo ikiwa na alama nyekundu, na maelezo kwamba hiyo "-ta-" inawatia watu wasiwasi. Niliwaandikia kueleza kwa nini ninaona inafaa ibaki, kwa sentensi tatu, kwa adabu. Kipeperushi kilichapishwa na "unapata".